Usionje, Mama Joventa

Siku niliyopata habari ya kifo cha Mama Joventa, binamu yangu Devota, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa amekaa mgahawani kwangu Kayanga, ananieleza jinsi tumbo langu lilivyo chafu. Mbele yake palikuwa na sahani ya ndizi na maharage aliyokwisha kuifuta mpaka mchuzi wa mwisho, na pembeni ya sahani pakiti ya unga wa kijani. Kijiko kimoja asubuhi kabla ya kula kitu chochote, maji mengi, na sumu yote iliyojikusanya mwilini inatoka yenyewe. "Dada Kemi, wewe una stresi," akaniambia. "Stresi inakaa tumboni. Utumbo ukichafuka, usingizi unapotea, ngozi inafifia, hasira zinapanda. Jiangalie ulivyomfokea mwenye mkaa." Nikamwambia mwenye mkaa nilimfokea kwa sababu ameniletea gunia la vumbi, na hata ningekuwa na utumbo wa malaika ningemfokea vilevile. Akacheka. Devota ni mtu wa kucheka, nampenda kwa hilo. Ndipo simu ikalia, na sauti ya Joventa kutoka Nkwenda, huko Kyerwa, ikasema, "Dada, mama ametuacha. Tunazika keshokutwa." Nikakaa kwenye benchi. Devota akaniuliza nani amefariki, nikamjibu ni Mama Joventa, jirani yetu wa zamani kule Chonyonyo. Akakunja uso, akitafuta kichwani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia: "Mama Joventa yupi? Yule aliyekulisha sumu?"

Loo! Nilihisi kitu kinanipanda kutoka chini ya mbavu, palepale palipokuwa pakiniuma miaka ile. Nikaichukua pakiti ya unga nikamrudishia mkononi. "Kwanza ondoa kitu hiki mezani kwangu," nikamwambia. "Pili, nani amekuambia nililishwa?" Akashangaa. "Si inajulikana, dada? Nyumbani ndivyo tulivyokua tukisikia." Devota mwaka ule alikuwa hajaanza hata shule, simlaumu. Lakini nilielewa siku ile kwamba mwanamke yule alikuwa anakwenda kuzikwa na jina ambalo si lake, na kwamba mtu pekee aliyeweza kumvua jina hilo alikuwa mimi, kwa kuwa tumbo lililozungumziwa lilikuwa langu. Wengine wana shahada za mambo ya tumbo na mimi sina. Nina hili moja tu nililozaliwa nalo, na mwaka mmoja niliojifunza jinsi linavyofanya kazi. Nausimulia mwaka huo kama ulivyokuwa, na atakayeudhika anywe maji.

Ulikuwa mwaka wa kurisiti. Nilikuwa nimefeli kidato cha nne, hesabu nikiwa nimepata sifuri ya duara kabisa, na shangazi yangu akasema nihamie kwake Chonyonyo nisome upya, nifanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wakati huo Kyerwa na Karagwe zilikuwa bado wilaya moja. Shangazi alikuwa mama wa kanisa, mwenye shamba la migomba na kahawa lililopaliliwa kuliko yote kwenye kile kilima, na mume wake alikuwa akifanya kazi mbali na kuonekana sikukuu tu, kwa hiyo neno lake ndilo lilikuwa neno. Alinipa chumba kilichokuwa stoo ya kahawa. Alikifagia mwenyewe, akapaka sakafu upya, akaniwekea meza ya mbao chini ya dirisha, akaning'iniza kalenda ya kanisa ukutani ili nione siku zinavyokwisha. Magunia ya kahawa kavu yalibaki upande mmoja mpaka darini, na harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye madaftari, hata kwenye nywele zangu. Mpaka leo nikipita mahali panapoanikwa kahawa, najisikia sijajiandaa.

Kila asubuhi kabla jua halijapanda juu ya migomba, shangazi alikuja mlangoni na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Wageni wa kwetu siku hizi wanaijua hii: kahawa inachumwa ikiwa bado haijaiva, inachemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, inaanikwa mpaka inakuwa nyeusi na ngumu, na mgeni akija unampa kabla hujamuuliza shida yake. Mimi sikuwa mgeni, lakini alinijazia kiganja. "Ya kusomea," alisema. "Itakufungua macho." Niliitafuna tumbo likiwa tupu, tangu asubuhi mpaka mchana. Mtu wa kawaida hutema makapi. Mimi nilimeza, maana nilikuwa nimeinamia kitabu, na nani angethubutu kutema makapi kwenye sakafu ile aliyoipaka kwa mikono yake? Chai ilikuja saa nne, ikikumbukwa. Shangazi hakuwa mchoyo hata kidogo, msinielewe vibaya. Aliamini tu kwamba aliyeshiba husinzia.

Na hivyo vyakula vyenyewe, ilikuwa heri visije. Mchana tulikaa jikoni, sufuria ikafunuliwa majani ya mgomba, mvuke ukapanda, ndizi zimelainika pamoja na maharage na mafuta ya ng'ombe juu, chakula ambacho leo watu wanatoka mbali kukila kwangu. Na kabla sijafikisha tonge mdomoni: "Umesoma nini leo?" Nikajibu. "Umeelewa?" Nikajibu nimeelewa. "Mtoto wa mwinjilisti amechaguliwa ualimu, umesikia?" Nimesikia. "Mwaka huu unafaulu, Kemi, au tunaaibika sote." Lile tonge lilikuwa linashuka kama limefungwa kamba. Nililikuta limekaa katikati ya kifua jioni, halijaenda popote. Kisha likaanza kuchoma. Kwanza lilichoma asubuhi tu, baadaye mchana kutwa, maji machungu yakinipanda kooni kila nikifungua kitabu cha hesabu. Nilifika mahali nikiona alama ya mabano tu, tumbo linajikunja. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Usingizi ukanikimbia, na ukija ulikuja mchana, juu ya kitabu, shangazi akiwa mlangoni.

Chini ya shamba letu, mahali migomba inapokoma na nyasi zinapoanza, alikaa Mama Joventa. Alikuwa mjane wa watu wa ng'ombe, amehamia kutoka upande wa Rugu na binti mdogo na ng'ombe wachache, na katika kilima kizima cha wakulima nyumba yake ndiyo pekee iliyonuka maziwa. Ndama wake aliwahi kuingia kwenye migomba ya watu msimu aliofika. Hilo halikusahaulika. Alisali, kanisani alikuwa anakuja, alikaa benchi la nyuma. Mimi nilimfahamu kwa sababu njia ya kisimani ilipita uani kwake, na siku moja alinikuta nimeinama kando ya ua nimeshika tumbo. Nikamsalimia hivyohivyo nimejikunja, "Shikamoo." Akacheka. "Marahaba. Kumbe siku hizi watu wanasalimia nyasi. Njoo ukae."

Nilikaa kwenye kigoda chake, ndani ya nyumba yenye giza zuri na moshi kidogo. Alikuwa akifukiza vyombo vya maziwa. Alikuwa na ile mitungi ya mti ya wafugaji, tunaiita ebyanzi, anawasha nyasi kavu, anaelekeza moshi ndani ya chombo mpaka kinanukia, ndipo anatia maziwa, anayaacha yalale mpaka yagande. Akanimiminia. Kwetu anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza. Iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe maziwa, mwenyeji anapiga funda moja mbele ya macho yako ndipo anakupa. Ni heshima, na kila mtu anajua heshima hiyo imetoka wapi: nimeanza mimi, kwa hiyo hakuna sumu. Mama Joventa akaonja, akanipa kwa mikono miwili. Nilikunywa nikisubiri aniulize. Umesoma nini, umeelewa, utafaulu. Hakuuliza. Alizungumza na ng'ombe aliyekuwa anachungulia mlangoni, akamwambia ana tabia mbaya, akamwuliza kama na yeye anataka kurisiti. Nilicheka mpaka maziwa yakanitoka puani. Yale mengine yaliyobaki yalishuka, yakakaa. Baadaye akanipa na kiazi kilichochomwa jivuni, nacho kikashuka. Sikuamini.

Basi nikawa naenda. Kila jioni nikienda kuchota maji, nilikaa pale muda wa chombo kimoja. Siku hizi Devota ananiambia kwamba maziwa yaliyoganda yana wadudu wazuri wanaokaa tumboni wakatufanyia kazi, ameyasoma kwenye simu, na mimi sina ugomvi na wadudu hao. Huenda walinisaidia. Lakini namwambia: maziwa yaleyale shangazi angeninywesha jikoni kwake akiniuliza habari za mabano, yangerudi yalikotoka. Mwili wangu ulikuwa unajua tofauti ya kukaa na mtu anayekuhesabia na kukaa na mtu anayekunywesha. Mwili si mjinga.

Jambo likaharibika siku ya kumenya ndizi za sherehe ya kipaimara. Akina mama wa kanisa walijaa uani, kila mmoja na kisu chake, mimi nikiwa stoo na kitabu, dirisha wazi. Nikasikia mmoja anasema, "Huyu mtoto wako anakwisha, waitu, mwenzetu. Umemtazama shingo?" Shangazi akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo: "Namwona. Nalala namwona." Mwingine akasema, "Hiyo si homa. Huyo amelishwa." Visu vikanyamaza. "Anakula wapi mbali ya hapa?" Mtu akasema, "Si nasikia jioni anakaa kwa yule wa ng'ombe." Hapo nikamsikia shangazi akivuta pumzi. Nataka niseme ukweli juu yake kwa kuwa nimekusudia kusema ukweli wote: hakuwa na chuki. Alikuwa na hofu. Alikuwa amekabidhiwa mtoto wa kaka yake, na mtoto anakwisha mkononi mwake, na sasa mtu alikuwa amemletea sababu ambayo haikuwa yeye. Nani angeikataa?

Siku chache baadaye akaja Leonidasi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, baiskeli inang'aa, na sifa yake ilikuwa moja: kutapisha. Kilima kizima kilimjua. Mtu aliyelishwa sumu alimpa dawa ya mizizi, akatapika, na sumu ikaonekana kwa macho. Aliniketisha nyuma ya jiko, akaninywesha kikombe cha maji ya rangi ya udongo, machungu mpaka masikio yakaziba. Sitaeleza yaliyofuata. Nilifika mahali hakuna cha kutapika na tumbo bado linavuta, jasho linanidondoka puani, shangazi ameshika paji la uso wangu akisali. Leonidasi akachungulia ndani ya karai, akachokoa kwa kijiti, akatikisa kichwa. "Imo. Lakini imeshika ndani. Jumamosi nitarudi, tuisafishe yote, na Jumamosi atamtaja." Ndivyo kazi yake ilivyokwenda. Hakutaja mtu yeye. Mgonjwa ndiye alitaja, kwa kinywa chake, mbele ya watu, na akishataja hakuna anayebisha. Shangazi akamwalika mwenyekiti wa kitongoji aje kusikia.

Nilikaa kitandani siku iliyofuata nikiwa siwezi hata kunyoosha mgongo. Jioni nikajikokota kwa Mama Joventa. Nilimkuta amekwisha kufunga ebyanzi zake kwa kamba za mgomba, zimepangwa mlangoni, na Joventa amekaa juu ya furushi la nguo. Alikuwa amesikia. "Usikae, mwanangu," akasema. "Rudi kabla hawajakuona." Nikamwambia sijamtaja. "Utanitaja," akasema, bila hasira. "Watakunywesha mpaka unitaje. Mtu akikaukiwa maji hutaja hata mama yake. Nimeliona hili Rugu. Aliyetajwa hukaa mpaka jua la kesho yake, akizidi hapo nyumba inachomwa." Nikamwuliza ataenda wapi. Akawatazama ng'ombe wake. "Wanajua kutembea," akasema. Nililia njia nzima nikirudi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa nalilia mtihani. Nilikuwa na hasira. Na niseme jambo ambalo halimo kwenye pakiti ya Devota: ile hasira ilinifanyia kitu. Nililala fofofo.

Jumamosi ua ulijaa. Kulikuwa na mabenchi kutoka kanisani. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti, watu walikuwa wanapokezana kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu cha shangazi, wanatema makapi pembeni kwa adabu. Mimi niliketishwa katikati juu ya mkeka, karai mbele yangu. Asubuhi ile shangazi alikuwa amenipa kiganja changu kama kawaida, kwa kuwa mtihani ulikuwa umekaribia na kutapishwa hakukuwa sababu ya kutosoma. Leonidasi akanipa kikombe. Nikanywa. Sikujua bado nitafanya nini. Dawa ikafanya kazi yake mbele ya wanaume na wanawake na watoto waliochungulia, aibu ambayo sitaisahau. Akachokoa karai kwa kijiti, na safari hii akainua juu kitu cheusi, kimekunjamana, kinadondoka maji. Watu wakaguna. "Mnaiona?" akasema. "Hii ndiyo inayomla." Akawapitishia waione. Ilipofika kwangu nikaitazama, na nikaifahamu. Ningeshindwaje kuifahamu? Nilikuwa naimeza kila siku.

"Hayo ni makapi ya kahawa," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa imekwaruzika, kwa hiyo nikarudia kwa nguvu. "Makapi ya kahawa. Kama hayo hapo chini ya viatu vyenu. Shangazi amenipa asubuhi, nikayameza." Watu wakatazama chini, kila mmoja miguuni pake, na mzee mmoja akaacha kutafuna. Shangazi akasema, "Kemi, nyamaza." Leonidasi hakubabaika, alikuwa na uzoefu. "Mnasikia? Aliyelishwa humtetea aliyemlisha. Hiyo ni sumu inasema." Mmeuona mtego? Ukikubali, umelishwa. Ukikataa, umelishwa zaidi. Akajaza kikombe cha pili, akanisogezea. "Kunywa. Kisha uwaambie watu umekula kwa nani." Nikakishika kikombe kile. Shangazi alikuwa ananitazama kwa macho yaliyojaa machozi, na najua, wallahi najua, alikuwa ananiombea nipone. Nikakimwaga kwenye mkeka.

"Mnataka kujua nakula kwa nani? Twendeni niwaonyeshe."

Nikainuka. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinishika. Nikaikata njia ya kisimani katikati ya migomba, nyuma yangu nasikia ua mzima unanifuata, mabenchi yanaanguka, shangazi ananiita. Mama Joventa alikuwa amesimama mlangoni kwake kati ya vyombo vilivyofungwa, binti yake amejificha nyuma ya kanga yake. Alipouona umati ule alijua saa yake imefika. Hakukimbia. "Rudi, mwanangu," akasema polepole. "Watasema nimekuita."

"Shikamoo, Mama Joventa. Naomba maziwa."

Akanitazama mimi, akawatazama wao. Kisha akainama, akafungua kamba ya mgomba kwenye chombo kimoja, akamimina. Na kwa mazoea, kama alivyofanya jioni zote, akapeleka mdomoni aonje.

"Usionje, Mama Joventa."

Akasimama na chombo hewani. "Kemi, watu wanatazama."

"Ndiyo maana. Usionje. Nipe."

Nikakichukua mkononi mwake kabla hakijagusa mdomo wake, nikageuka nikawaelekea wote, mwenyekiti na koti lake, Leonidasi na kijiti chake, akina mama wa visu, shangazi yangu. Nikanywa. Nikanywa mpaka mwisho, yakinichuruzika kidevuni. Na hapo, jamani, ndipo nilipoijua hatari yenyewe, kwa sababu ile dawa ilikuwa bado imo tumboni, ikavuta. Kinywa kikajaa mate. Nilihisi yanapanda yote. Ningeyatapika pale mbele ya umati ule, Mama Joventa amekwisha: maziwa yake yangekuwa ndiyo ushahidi. Nilibana meno. Machozi yakanitoka. Nikasikia sauti yake nyuma ya sikio langu, chini sana: "Usibane. Pumua. Mtazame ng'ombe." Nikamtazama. Yule ng'ombe mwenye tabia mbaya alikuwa amelala kivulini anacheua, taya linakwenda huku na huku, macho yamefumba nusu, hana habari na mwenyekiti wala kitongoji. Nikapumua naye. Taya likaenda, nikapumua. Likaenda tena, nikapumua. Watu wote wananisubiri nife. Kisha nikahisi kitu kinafunguka katikati ya kifua, palepale yalipokuwa yakikwama matonge mwaka mzima, na maziwa yakashuka, yakatulia. Nikageuza chombo juu chini waone kimekwisha.

"Haya," nikasema. "Anayetaka anisubiri mpaka kesho."

Walisubiri, msidhani hawakusubiri. Kesho yake nilipita mbele ya kanisa wakati wanatoka, makusudi mazima, naimba. Keshokutwa nikapita tena. Leonidasi alikuwa amekwisha kupanda baiskeli yake siku ileile, na mwenyekiti akakumbuka ana kikao. Shangazi aliliweka sanduku langu nje ya stoo, madaftari juu yake yamepangwa vizuri, hata kalenda ameikunja akaiweka. Nikalibeba kichwani nikashuka nalo kwa Mama Joventa, akafungua vyombo vyote, nikakaa kwake mpaka mtihani. Na zahanati nilikwenda, yeye ndiye alinipeleka, msije mkasema nimesema maziwa ni hospitali. Mganga akabonyeza tumbo, akaniuliza asubuhi nakula nini, nikamwambia kahawa na mabano. Akanipa vidonge, akaniambia nile, nilale, niache kutafuna kahawa tumbo likiwa tupu. Nikameza vidonge, nikala, nikalala. Mtihani nikaufanya. Hesabu nilifeli tena, vizuri sana, na dunia haikupasuka. Mengine nilifaulu. Leo nina mgahawa na mtu akikaa mezani kwangu haulizwi swali mpaka sahani iishe, hata afisa akija.

Shangazi na mimi tulirudi kusalimiana baada ya mwaka mmoja hivi, kidogo kidogo, kwenye misiba na harusi, bila kuligusa jambo lile. Kumbe yeye alibaki na simulizi yake, na mimi nikamwachia, nikidhani haimdhuru mtu. Mama Joventa alikaa Chonyonyo mpaka Joventa alipoolewa Nkwenda, akaenda kwa mwanawe kwa hiari yake na ng'ombe wake wakitembea mbele. Mazishini nilikaa na Joventa, mstari wa mbele. Baada ya kuzika Joventa akanimiminia maziwa, akapeleka mdomoni aonje, nikamnyang'anya. Akaanza kulia na kucheka pamoja. Nilipoondoka alinijazia ekyanzi kimoja cha mama yake, kikuukuu, ndani cheusi kwa moshi wa miaka yote.

Sikwenda nyumbani. Nilipitiliza mpaka Chonyonyo. Nilimkuta shangazi amekaa barazani, amezeeka, amekonda shingo, Devota pembeni yake anakoroga ule unga wa kijani ndani ya bilauri. "Mama tumbo linamsumbua," Devota akasema. "Halali. Anawaza waza tu." Nikasalimia, nikasogeza ile bilauri, nikachukua kikombe, nikamimina maziwa. Harufu ya moshi ikajaa baraza. Shangazi aliitambua, nilimwona anaitambua.

"Yametoka wapi?"

"Kwa Mama Joventa. Nimetoka kumzika."

Nikakiweka mbele yake. Akakitazama, akanitazama mimi, hakukigusa. Nilijua anasubiri nini. Devota naye alijua. "Dada, onja basi umpe. Tabu iko wapi?"

"Sionji," nikasema. "Nilikwisha kuonja mwaka ule, watu wote wakiona. Na mama yako aliona."

Kuku walikuwa wanapekua chini ya mibuni. Shangazi akanyoosha mikono yake miwili, akakishika kikombe, akanywa polepole, akipumzika, akinywa tena, mpaka kikabaki povu. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Ilikuwa kahawa yangu," akamwambia Devota.

"Kahawa gani, mama?"

Shangazi alininyooshea kikombe nimwongezee.